Sindano ya Vitamini kwa Mgonjwa wa Saratani ya Mapafu: Ipi Isikoswe, Ipi Iulizwe Kwanza

Familia yenye mgonjwa wa saratani ya mapafu hukutana na sindano ya vitamini mahali pawili. Kwanza ni kliniki ya saratani. Takriban wiki moja kabla ya kemo kuanza, muuguzi humwita mgonjwa, humdunga dawa nyekundu kwenye msuli wa bega, humpa vidonge vya asidi ya foliki na kumwambia arudi wiki ijayo. Pili ni mtaani. Jirani mwenye nia njema, au mwenye duka la dawa, humwona mgonjwa amekonda na kusema, "Huyu hana damu wala nguvu, mpelekeni akatiwe dripu ya vitamini."

Kwa kuwa zote mbili huitwa sindano za vitamini, wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja. Matokeo yake ni makosa mawili yanayokwenda kinyume. Wapo wanaoiruka sindano ya hospitalini kwa kudhani ni ya kutia nguvu tu, au kwa sababu wamesikia kwamba vitamini hulisha saratani. Na wapo wanaouza mbuzi kulipia dripu ya mtaani, kisha wakakosa nauli ya kwenda kliniki siku ya kemo. Kosa la kwanza linaweza kumgharimu mgonjwa maisha. La pili nalo, kwa baadhi ya watu wa Pwani, lina hatari ambayo wachache wanaijua. Makala haya yanaeleza yote mawili.

Sindano ya hospitalini

Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Ipo ya seli ndogo, na ipo isiyo ya seli ndogo, ambayo ndiyo huwapata wengi zaidi na ambayo nayo ina aina zake. Inayoonekana mara nyingi huitwa adenokasinoma. Kwa aina hii madaktari hutumia sana dawa ya kemo iitwayo pemetreksedi, ama peke yake ama pamoja na dawa nyingine kama sisplatini au kaboplatini. Kwenye chupa na kwenye faili utaiona imeandikwa Pemetrexed. Hupitishwa kwenye mshipa kwa dakika kama 10, kila baada ya siku 21. Haitumiki kwa saratani ya seli ndogo wala kwa ile ya seli bapa, kwa hivyo usishangae mgonjwa wa kitanda cha pili akipewa mpango mwingine kabisa usio na sindano ya vitamini.

Pemetreksedi huua seli kwa kuzinyima foliki. Kila seli inayotaka kugawanyika lazima kwanza inakili vinasaba vyake, na kazi hiyo inahitaji foliki, vitamini ile ile tunayoipata kwenye mchicha, kunde na maharagwe. Dawa hii imeundwa ifanane nayo. Seli huipokea ikidhani imepata foliki, kisha vimeng'enya vinavyoitumia foliki hukwama na kugawanyika kukasimama. Seli za saratani hugawanyika ovyo, hivyo hupigwa vikali.

Tatizo ni kwamba mwilini mna seli njema ambazo pia hugawanyika usiku na mchana: za uboho wa mifupa unaotengeneza damu, za utando wa mdomo na za utumbo. Mgonjwa aliyeingia kwenye matibabu akiwa na akiba ndogo ya foliki huwa hana cha kuzikinga seli hizo. Chembe nyeupe za damu hushuka, mdomo hujaa vidonda, kuhara hakukomi, na maambukizi madogo ambayo siku nyingine yangepona yenyewe humshinda.

Hapo ndipo vidonge vya foliki na sindano ya B12 vinapoingia. Havipewi ili kuua saratani, wala si kwa ajili ya hamu ya kula. Vinazijazia seli njema akiba ya kuwatosha kuvuka kemo. Viwili hivi hutegemeana kama jembe na mpini: bila B12, foliki hunaswa mwilini katika hali ambayo seli haziwezi kuitumia. Kupewa kimoja bila kingine ni kufanya kazi nusu.

Kwa nini B12 iwe sindano na si kidonge? Kwa sababu tumbo la watu wengi haliinyonyi vizuri, hasa wazee, watu wenye kisukari wanaomeza metformini kwa miaka, na wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Isitoshe, B12 hupatikana kwenye vyakula vya wanyama peke yake: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama. Mgonjwa ambaye kwa miezi amekula uji na ugali kwa mboga, kwa kuwa ndivyo vilivyopita kooni au ndivyo vilivyokuwapo, huenda akiba yake imekwisha bila yeye kujua. Sindano hupita pembeni ya tumbo na kuijaza ini, ambalo huihifadhi kwa muda mrefu. Ndiyo sababu haihitaji kurudiwa kila wiki.

Ratiba inayofuatwa na madaktari ni hii. Sindano ya kwanza ya B12, maikrogramu 1,000, hudungwa katika wiki inayotangulia kemo ya kwanza, kisha hurudiwa kila baada ya mizunguko mitatu, yaani takriban wiki 9. Asidi ya foliki humezwa kila siku, kati ya maikrogramu 350 na 1,000. Mgonjwa awe amemeza angalau siku 5 kati ya zile 7 za kabla ya kemo ya kwanza, na aendelee hadi siku 21 baada ya dripu ya mwisho. Kuna na dawa ya tatu, deksamethasoni, ambayo si vitamini. Humezwa kwa siku 3, yaani siku ya kabla ya kemo, siku yenyewe na siku inayofuata, ili kupunguza vipele vya ngozi.

Hapa tahadhari moja kuhusu vidonge. Foliki inayouzwa kwa wingi madukani ni ya miligramu 5, sawa na maikrogramu 5,000, ambayo ni mara tano ya kiwango cha juu tulichotaja. Vile vya kliniki ya wajawazito huwa vimechanganywa na madini ya chuma. Kwa hivyo usiseme foliki ni foliki. Onyesha kifurushi kwa mfamasia wa kliniki ya saratani kabla ya kuanza kumeza.

Somo lililojifunzwa kwa vifo

Huenda msomaji akauliza: ikiwa dawa inafanya kazi kwa kuinyima seli foliki, si kumpa mgonjwa foliki ni kuirudishia saratani ilichonyang'anywa? Ni swali zuri, na madaktari wenyewe waliliogopa kwa miaka.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Katika miaka ya 1940 mjini Boston, daktari Sidney Farber aliwapa watoto wenye saratani ya damu dawa za jamii ya foliki akitumaini zingewasaidia. Ugonjwa ulionekana kwenda mbio zaidi. Aligeuza mkondo, akajaribu dawa ya kuizuia foliki, na mwaka 1948 akatangaza kwamba baadhi ya watoto walipata nafuu, ingawa haikudumu. Tangu hapo, dawa za kuzuia foliki zikawa sehemu ya tiba ya saratani, na foliki yenyewe ikatazamwa kwa shaka karibu na wodi za saratani.

Pemetreksedi ilipoanza kujaribiwa kwa binadamu katika miaka ya 1990, jambo moja liliwasumbua watafiti. Wagonjwa wawili wenye umri na hali inayofanana wangepewa kipimo kile kile. Mmoja akarudi nyumbani na uchovu kidogo, mwingine akapoteza chembe zake zote nyeupe na pengine kufa, si kwa saratani bali kwa dawa. Aliyepata ufunguo ni mtaalamu wa hisabati wa kampuni ya Eli Lilly iliyotengeneza dawa hiyo, Clet Niyikiza, jina ambalo msomaji wa Rwanda au Burundi atalitambua mara moja. Yeye na wenzake walichambua vipimo vya damu vya wagonjwa na kuona kwamba waliodhurika vibaya ni wale waliokuwa na kiwango kikubwa cha homosisteini kabla hata ya kuanza dawa. Homosisteini hupanda pale foliki au B12 inapopungua mwilini.

Wakati huo utafiti mkubwa wa dawa hiyo ulikuwa tayari unaendelea, kwa wagonjwa wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na vumbi la asbestosi. Wagonjwa 117 walikuwa wameshaandikishwa bila vitamini. Mwishoni mwa 1999 uamuzi ukafanywa: kila mgonjwa kuanzia hapo apewe foliki na B12. Utafiti ulifikisha wagonjwa 456, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Madhara makali yalipungua sana kwa waliopata vitamini, na dawa haikupoteza nguvu yake juu ya saratani. Nusu ya waliopewa pemetreksedi pamoja na sisplatini waliishi zaidi ya miezi 12, wakati kwa waliopewa sisplatini peke yake muda huo ulikuwa kama miezi 9. Dawa ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2004, sharti la vitamini liliandikwa kwenye maelezo yake, na limo hadi leo.

Kwa hivyo anayeiruka sindano nyekundu ili "asiilishe saratani" anajirudisha mahali walipokuwa wagonjwa wale wa mwanzo, na mahali hapo tunajua palivyokuwa.

Dripu za mtaani

Sasa tuje kwenye ile dripu ya nguvu. Huwa na vitamini za jamii ya B, vitamini C, wakati mwingine na vitu vingine ambavyo mgonjwa haambiwi. Wanaoitetea husema mgonjwa aliamka kitandani siku ile ile. Huenda ni kweli. Mtu aliyekaukiwa kwa kutapika na kutokula, ukimtia lita moja ya maji yenye chumvi, atachangamka kwa siku mbili, na sifa zote zitaenda kwa ile rangi ya njano kwenye chupa. Maji hayo angeyapata katika kituo cha afya, na pengine angeambiwa pia kwa nini anatapika.

Uchovu wa mgonjwa wa saratani ya mapafu una sababu nyingi: upungufu wa damu, hewa kidogo kifuani, maji yaliyojaa kwenye utando wa mapafu, maumivu yanayomnyima usingizi, huzuni, na saratani yenyewe. Nyingi kati ya hizi zina tiba. Kama kiwango chake cha B12 ni cha kawaida, kumwongezea hakutamwondolea uchovu huo. Hofu ya mwandishi ni kwamba dripu ya mtaani humtuliza mwenye mgonjwa zaidi ya mgonjwa, na wiki mbili hupita kabla ya mtu kuuliza kwa nini pumzi inazidi kubana.

Vitamini C ina historia ndefu zaidi. Mwanasayansi Linus Pauling, aliyepata tuzo mbili za Nobel, pamoja na daktari wa Uskoti Ewan Cameron, waliandika mwaka 1976 kwamba wagonjwa wa saratani waliopewa vitamini C nyingi waliishi muda mrefu zaidi. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ikajaribu kwa vidonge, ikichagua kwa kura nani apate vitamini na nani asipate, na ikatoa matokeo mwaka 1979 na 1985. Haikuona faida. Watetezi wakasema lazima ipitie kwenye mshipa, na majaribio ya dripu yamefanywa tangu wakati huo. Hadi leo dripu ya vitamini C haimo katika tiba ya kawaida ya saratani ya mapafu popote pale, na anayekuuzia kama mbadala wa kemo au mionzi anakudanganya.

Hatari yenyewe ni hii. Huku Pwani, kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo malaria imekaa kwa vizazi vingi, watu si wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawaugui. Lakini vitamini C ikiingizwa kwenye mshipa kwa gramu nyingi kwa mkupuo, chembe nyekundu za mtu kama huyo zinaweza kupasuka kwa wingi: mkojo ukawa mweusi kama kahawa, macho yakageuka manjano, damu ikashuka ndani ya siku moja au mbili. Hospitali zinazofanya utafiti wa dripu hizi hupima G6PD kwanza. Muulize anayetaka kumtia mgonjwa wako kama anacho kipimo hicho. Figo nazo huumia, kwa kuwa vitamini C nyingi hugeuka kuwa chumvi za oksaleti zinazoziba mirija yake. Na mwenye kisukari ajue kwamba baada ya dripu hiyo, mashine ya kupima sukari kidoleni inaweza kuonyesha sukari iko juu wakati haiko. Akijidunga insulini kwa kuifuata, ataanguka.

Na kwa wanaovuta sigara

Kuna imani kwamba mvutaji anayemeza vitamini hujikinga. Ilipimwa. Nchini Finland, wanaume wavutaji 29,133 walifuatiliwa kuanzia 1985. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti kama huo wa Marekani, uliokuwa na watu 18,314 wakiwemo wavutaji na waliofanya kazi na asbestosi, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliokuwa wakimeza beta-karotini na vitamini A.

Kuhusu foliki na B12 kwa mtu asiye kwenye kemo, picha haijatulia. Huko Norway, wagonjwa wa moyo 6,837, wengi wao wavutaji au waliowahi kuvuta, walifuatiliwa, na waliopewa foliki pamoja na B12 walipata saratani zaidi, hasa ya mapafu. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliounganisha tafiti nyingi za foliki haukuona ongezeko hilo. Hatuwezi kusema B12 huleta saratani. Tunaweza kusema kwamba kujidunga mwezi baada ya mwezi bila upungufu uliopimwa ni kujitafutia hatari bila sababu.

Haya ni ya vidonge na sindano. Karoti, maembe, mapapai, mchicha na kisamvu haviko kwenye kesi hii, na mgonjwa asinyimwe.

Siku ya kliniki

Kama mgonjwa wako yuko kwenye pemetreksedi, mwambie daktari kila kitu anachotumia, pamoja na ile sindano ya B1, B6 na B12 ambayo wengi hudungwa kwa ganzi ya miguu. Hatagombezwa. Taja hasa Septrin, ambayo nayo huzuia foliki na ambayo baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI humeza kila siku. Usiiache mwenyewe, daktari ndiye atakayepanga. Taja pia ibuprofeni, diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo, kwa sababu zinaweza kuzuia figo kuitoa pemetreksedi mwilini. Mtu mwenye figo dhaifu kidogo huambiwa asitumie ibuprofeni kuanzia siku 2 kabla ya kemo hadi siku 2 baada yake. Akipatwa na maumivu siku hizo, apige simu kliniki aulize badala ya kununua tu.

Kama siku ya kemo imefika na hakudungwa B12, au foliki alisahau, aseme kabla ya dripu kufunguliwa. Kuahirisha kwa siku chache ni usumbufu, hasa kwa aliyetoka mbali kwenda Mombasa, lakini ni afadhali kulala mjini au kurudi nyumbani kuliko kupokea dawa bila kinga.

Baada ya dripu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, vidonda vya mdomo vinavyomzuia kula, kuhara kusikokoma au kutokwa damu ni dharura, hata kama ni saa tisa usiku na hata kama alidungwa sindano zote. Asipewe Panado akalazwa asubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali iliyo karibu, na wahudumu waambiwe maneno haya mwanzo kabisa: yuko kwenye kemo.

Anayeishi mbali na kliniki ya saratani amwulize daktari wake kama sindano za B12 zinazofuata anaweza kudungwa katika kituo cha afya cha karibu akiwa na barua inayotaja dawa, kipimo na tarehe. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kumsaidia kufuatilia. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi kabla ya kuondoka kliniki, maana kemo ni kila wiki 3 na sindano ni kila wiki 9, na sindano isiyokuja kila safari ndiyo husahaulika.